Koti Lililobaki Columbus

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu wa Columbus alihama nyumba, na kwa kuwa anayehama hukumbuka vya watu, alinitumia mfuko kwa mkono wa mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa amekwenda huko harusini. Mfuko wenyewe ulikuwa wa nailoni, umefungwa fundo gumu, ule ufungaji wa watu waliowahi kukimbia. Nilipambana nalo kwa meno. Lilipoachia, kabla sijaona kilichomo, harufu ilinitangulia: siagi ya ng'ombe, ile ya kusukwa kwa mkono, iliyokwisha kukaa sana kwenye kitambaa. Nikakaa chini palepale jikoni. Mimi hujisifu kwamba si mtu wa kulia ovyo, na wanaonijua watawaambia hivyo, lakini siku hiyo nililia mpaka mama akazima jiko akaja kuona nimepatwa na nini.

Ndani mlikuwa na koti la buluu la mtoto wa miaka tisa. Lilikuwa langu.

Wenzangu mliofika nchi hii ya Marekani mkiwa na umri ule mnajua jinsi tulivyokuwa. Kiingereza tulikipata kabla ya wazazi, kwa hiyo tukawa walimu wa watu wazima, na mtoto akiwa mwalimu hujiona anajua kila kitu. Tulikuwa tunaishi Louisville, jimbo la Kentucky. Nilikuwa nalala chumba kimoja na Nyogokuru, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, mama yake Papa. Kila jioni nikitoka shule alinikalisha kitandani kwake, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya mto, akasema, "Haya, niambie. Leo bamekufundisha nini?" Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Nadhani alisoma darasa la nne pamoja nami.

Mwaka ule mwalimu wetu alikuwa akitufundisha habari za wazungu wa kwanza waliotoka pwani ya mashariki, zamani za ukoloni wa Mwingereza, wakavuka milima kuja Kentucky. Alituchorea ubaoni gari lao, sanduku la mbao lenye magurudumu makubwa, linavutwa na maksai. Barabara hazikuwepo. Kulikuwa na vijia vilivyokanyagwa na wanyama, na visiki vya miti katikati ya njia, na tope la kufika ekseli. Mito haikuwa na madaraja. Gari likilemewa, walishusha kabati, walishusha kitanda, wakaviacha kando ya njia na kuendelea.

Nyogokuru aliyasikiliza haya yote kama mtu anayesikia habari za jirani. "Bale bazungu nao balikuwa bakimbizi?"

"Hapana, Nyogokuru. Walikuwa wanatafuta mashamba."

"Ni kitu kimoja. Mutu haachake kwabo bure."

Jambo moja tu lilimkera. Alitoka katika milima ya juu kule Kivu Kusini, ambako ng'ombe ana jina na ana ukoo, na alipoona kwenye daftari langu ng'ombe wamefungwa nira alilisukuma daftari pembeni. "Ng'ombe anavuta gari? Na maziwa anatoa saa ngapi?" Ikabidi nirudi kwa mwalimu na swali hilo. Mwalimu akacheka, akasema wengi walifunga ng'ombe wa maziwa nyuma ya gari, na asubuhi walikuwa wanaweka krimu kwenye ndoo, wanaining'iniza garini, basi mtikisiko wa barabara mbaya unaisuka kutwa nzima, na jioni wanapata siagi. Nilipopeleka jibu hilo nyumbani, Nyogokuru alipiga makofi. "Sasa hapo," akasema, "bale ni batu."

Siagi ilikuwa jambo lake. Alikuwa anajipaka usoni na mikononi, ananipaka na mimi, na watoto wa shule walikuwa wananikimbia kwenye foleni. Miezi ya kwanza Louisville alijaribu kusuka maziwa ya dukani kwenye chupa ya plastiki, akatikisa mpaka mkono ukafa ganzi, hola. Alisema maziwa ya nchi hii yamekufa kabla ya kufika. Baadaye mama aligundua krimu nzito ya paketi, na tangu siku hiyo chumba chetu kikanuka kama zizi la kwetu, ambalo mimi sikuwahi kuliona, maana nilizaliwa kambini Burundi.

Kisha Papa akasema tunahamia Buffalo, mbali kaskazini. Ghala alilofanyia kazi lilikuwa limemuumiza mgongo, na ndugu wa kanisa walikuwa wamempatia nafasi kiwandani huko, na mama pia, na nyumba. Watu wetu walikuwa wengi kule, ibada kwa lugha yetu, majirani wa kwetu. Mimi niliuliza swali moja tu: Nyogokuru anakwenda? Papa alikuwa anafunga kamba. Akasema, "Tutapanda gari bote." Nikaridhika. Leo ninalipima lile jibu na kuona jinsi alivyolichagua.

Tuliondoka asubuhi kwa gari kuukuu la milango ya kuteleza, lililojaa mpaka kioo cha nyuma kikazibwa na godoro. Papa na mama mbele, mimi na Nyogokuru nyuma, tumebanwa na masufuria. Magotini kwake alipakata chupa ya krimu. Nilijua anachotaka bila kuuliza. Alikuwa anangoja barabara imsukie.

Barabara ya Marekani haikusuka kitu. Saa nzima, saa mbili, aliinua chupa akaitazama kwenye mwanga, akaipakata tena. "Laini sana," alilalamika. "Hii barabara haina kazi." Tulipovuka ule mto mkubwa kuingia Ohio, alifumba macho akasali mpaka daraja likaisha. Akanisogelea sikioni. "Na bale, bila daraja, bamama bazee babo balivukaje?" Sikujua. Nilimwambia walibebwa. Mwalimu hakosi jibu.

Mbele kidogo ya Cincinnati gurudumu la nyuma lilipasuka. Papa aliliyumbisha gari hadi ukingoni, tukashuka, tukakaa kwenye nyasi zilizokauka huku malori yakipita na kutupeperusha nguo. Gurudumu la akiba lilikuwa chini ya mizigo yote, kwa hiyo ilibidi kushusha godoro, meza, magunia, kila kitu, kando ya barabara kuu, na magari yakipunguza mwendo kututazama. Papa, ambaye hapendi kuonekana na shida, alifanya kazi bila kuinua kichwa. "Gari imezidi uzito," akamwambia mama. "Donc, basi, kuna vitu lazima vibaki Columbus, kwa dada."

Mimi nilikuwa nimefurahi, Mungu anisamehe. Niliona tumekuwa kama wale wa kwenye daftari. Nikamfunika Nyogokuru blanketi, na ili nimchangamshe nikamsimulia sehemu ya somo ambayo nilikuwa sijamfikishia. Nikamwambia kwamba wale watu walikuwa wanashindana na theluji, wavuke milima kabla njia haijafunga, kwa hiyo mtu akiugua asiweze safari, walimwacha kwenye nyumba ya kwanza waliyoiona inatoa moshi. Wengine wakaendelea.

Mkono wa Nyogokuru ulikuwa unaitikisa chupa polepole.

"Na balirudi kumuchukua?"

"Mwalimu hakusema."

"Muulize siku moja." Akatikisa tena. "Hata sisi tulikuwa tunafanya vile. Ng'ombe muzee akishindwa safari, haumuache porini. Hapana. Unamuweka kwa rafiki, mwenye kuwa na majani na maji. Na mwenye ng'ombe anaacha fimbo yake pale, mulangoni. Ile fimbo ikikaa mulangoni, kila mutu anajua: huyu hajatupwa. Mwenyewe atakuya kumuchukua."

"Na asipoacha fimbo?"

"Eh," akasema. "Hapo ng'ombe anaanza kuwaza."

Chupa ikatoa sauti nyingine, ule mdundo mzito wa kitu kilichoshikana. Siagi ilikuwa imekuja. Aliinyoosha juu aione, akacheka kwa meno yake machache, na mimi nikacheka naye, na nyuma yetu Papa alikuwa anagonga chuma kwa chuma.

Columbus tulifika jioni, kwa shangazi, dada yake Papa, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Nyumba yake ilikuwa chini, haina ngazi. Alikuwa ametandika kitanda katika chumba kidogo karibu na choo, shuka mpya, na mezani pameshapangwa glasi na kopo la dawa. Nilidhani ni ukarimu.

Asubuhi, baada ya chai na maombi, mizigo ilirudishwa garini. Meza ilibaki, magunia mawili yakabaki. Nikaona mfuko wa Nyogokuru, ule wa maua mekundu, bado uko chini kando ya kochi.

"Papa, mfuko wa Nyogokuru mmeusahau."

Mama aliinua birika, akaliweka tena. Nyogokuru alikuwa anatazama mikono yake.

"Nyogokuru anabaki kidogo kwa shangazi," Papa akasema. "Nyumba ya Buffalo iko juu, ngazi ni mingi. Mama na miye tutaenda kazi kila siku, nani atamupa dawa? Theluji ikiisha tutapata nyumba ya chini, nitakuya kumuchukua."

Nilipiga kelele ambazo majirani bila shaka walizisikia. Nikasema tushushe vitanda. Nikasema tushushe friji ya mama, wanishushe mimi. Papa aliniambia mara tatu kwamba si habari ya uzito, na mara tatu sikumsikia, kwa sababu mimi nilijua. Jana kwenye nyasi nilikuwa nimemfundisha Nyogokuru kwamba mgonjwa huachwa, na leo alikuwa anabaki bila hata kubishana. Wazo lilikuwa limetoka kinywani mwangu. Hilo ndilo nililobeba kutoka Columbus, na nililibeba miaka mingi bila kumwonyesha mtu.

Nyogokuru alinyamazisha kelele zangu kwa siagi. Aliniita, akanikalisha kati ya magoti yake, akachota kwa vidole viwili na kunipaka uso mzima, masikio, shingo, mpaka kwenye kola ya koti. Alipaka kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema anatusindikiza. Kwetu mgeni hatoki peke yake hata kama mwenyeji ni mgonjwa, basi shangazi alitoa kiti nje, karibu na gari, na Nyogokuru akatembea hatua zile kumi na tano akiwa ameshikwa huku na huku, akakaa pale kutusindikiza.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa Papa. Nilikuwa nangoja aache fimbo. Nilijua fimbo hana, lakini alikuwa na kofia, alikuwa na mkanda, alikuwa na saa. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akampa mikono miwili, akainamisha kichwa aguswe. Akasimama. Akaingia garini akawasha moto.

Hakuacha kitu.

Nikasema nataka choo. Nikakimbilia ndani, nikaingia kile chumba kidogo, nikavua koti langu na kulitundika kwenye msumari wa mlango, mahali ambapo mtu aliyelala angeliona. Kisha nikatoka mbio, nikaruka garini na kujifunika blanketi mpaka kidevuni. Tulipoondoka Nyogokuru aliinua mkono mmoja tu, na alikuwa bado ameuinua tulipokata kona.

Baada ya Erie, mji ulio ukingoni mwa ziwa kubwa, theluji ilianza. Upande wa ziwa kulikuwa na ukuta mweupe, na magari yalitembea kwa mwendo wa watu wanaokwenda mazishini. Mchana tukaingia Buffalo, tukapita Grant Street ambako mama aliona duka lenye mihogo na samaki wa moshi dirishani akasema, "Angalia," lakini hakuna aliyeangalia. Nyumba ilikuwa mtaa wa pili kutoka hapo. Papa alifungua mlango wa kuteleza, nikashuka, na theluji ikanifika magotini. Nilikuwa na sweta tu.

"Koti yako iko wapi?"

"Nimeiacha kwa Nyogokuru."

"Umeisahau?"

"Nimeiacha. Wewe hukuacha fimbo."

"Fimbo gani?"

Nikamweleza, meno yakigongana: ng'ombe mzee, rafiki, mlango, ili asiwaze. Nilieleza kwa hasira, kama mwalimu anayemweleza mwanafunzi mvivu. Papa alinisikiliza mpaka mwisho. Alivua koti lake akanivika, likafika chini kwenye theluji, kisha akageuka akaanza kushusha mizigo akiwa na shati. Alipanda na kushuka zile ngazi mpaka mizigo ikaisha, na mama alipomletea shuka ajifunike alilikataa.

Kila Jumapili baada ya ibada tulimpigia Nyogokuru. Aliongea na wakubwa, akauliza kuhusu kazi, akauliza kuhusu ngazi. Zamu yangu ikifika alishusha sauti. "Fimbo yako ninaiona. Iko mulangoni." Basi. Mimi nilicheka, nikahesabu wiki za theluji.

Theluji ya Buffalo haina haraka. Mwezi wa tatu ilikuwa bado imelala, na asubuhi moja shangazi akapiga simu akasema Papa aje. Papa alitoka palepale. Upepo ulikuwa umegeuka kutoka ziwani, na barabara kuu ikafungwa kabla hajafika Erie. Polisi waliwasimamisha, magari kwa malori, safu isiyo na mwisho, na alikaa humo kutwa nzima, injini ikiwaka kidogo na kuzimwa kidogo, barabara ile ile iliyokuwa laini mno kusuka siagi. Nyogokuru alikufa wakati mwanawe yuko kwenye foleni hiyo. Mimi na mama hatukwenda hata maziko kule Columbus. Mama alikuwa mjamzito na njia zilikuwa bado mbaya.

Papa aliporudi, nilimuuliza kuhusu koti. Alisema aliliona limetundikwa mlangoni, akaliacha. Sikuuliza tena. Tangu hapo hatukumzungumzia Nyogokuru pale nyumbani isipokuwa kwenye maombi, na mimi nilifikiri wananinyamazia kwa sababu wamejua ni hadithi yangu iliyomwacha njiani.

Sasa wiki mbili zilizopita, nikiwa sakafuni na koti mapajani, Papa aliingia kutoka kazini. Aliisikia harufu mlangoni, nilimwona anasimama. Nikaona bora niyaseme. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemwambia Nyogokuru habari za wagonjwa wanaoachwa, kule kwenye nyasi, na kwamba kesho yake alibaki.

"Mwezi muzima mbele ya kuondoka alikuwa anajua," Papa akasema. "Yeye mwenyewe ndiye aliniomba. Alisema: usimuambie mutoto, atalia njia yote."

"Na ile fimbo?"

Papa alivuta kiti. Alichunga ng'ombe milimani mpaka alipokuwa kijana, na mambo hayo hayafanyii mzaha. "Kuweka ng'ombe kwa watu, ndiyo, tulikuwa tunaweka. Fimbo, hapana. Mchungaji anaachaje fimbo yake? Atachungaje wengine?" Akatazama koti. "Ile desturi hatuna. Aliitunga."

Aliitunga pale kwenye nyasi, mkono ukitikisa chupa, akijua kesho yake ni zamu yake kuachwa kwenye nyumba yenye moshi. Sijui kama alikuwa ananifariji au alikuwa anaomba. Miaka hii yote nilidhani mimi ndiye niliyemfundisha kuachwa, kumbe yeye alikuwa ananifundisha namna ya kumwacha, na katika gari lile lote aliyeelewa ni mtoto. Hilo liliniuma kuliko lile kosa nililolibeba.

Mdogo wangu alitokea chumbani. Amezaliwa hapahapa Buffalo kiangazi kile, Kiswahili anakisikia lakini hukujibu kwa Kiingereza. Aliliokota koti, akalivaa, akapandisha zipu. Lilimkaa kama lilishonwa kwa ajili yake. "Is it mine?" akauliza.

Papa alimshushia zipu taratibu, akamvua mkono mmoja, kisha wa pili. Akatoa simu akampigia shangazi, na hata salamu hakutoa. "Dada, nani amekuambia uirudishe? Eh? Sisi hatujakuya kumuchukua bado." Upande wa pili nilimsikia shangazi analia.

Papa alikata simu. "Jumamosi unafanya kazi?"

"Hapana, Papa."

"Bon. Tutaipeleka."

Nikalikunja koti, nikalirudisha mfukoni, nikafunga fundo kama lilivyokuwa. Mdogo wangu akauliza tunakwenda wapi.

"Kwa Nyogokuru," Papa akamjibu. "Ametungojea sana."